Utafiti wa vinasaba Tanga: namna ya kuupanga ili asiachwe mtu nje

Mwongozo huu ni wa wale wanaokabidhiwa kazi ya kuratibu utafiti wa vinasaba mkoani: wauguzi, watu wa maabara, wanafunzi wa shahada za juu, na hata mtendaji wa kata anayeletewa barua asubuhi na kuambiwa agonge mhuri kabla ya saa nne. Nimeichukua Tanga kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu mkoa huu una kila mtihani wa kazi hii: pwani, milima, nyika ya wafugaji, mashamba ya mkonge na mji wa bandari.

Kwanza ujue tatizo lenyewe, maana utaulizwa. Mwaka 2009, katika tafiti zinazopekua jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mtu, kutafuta vyanzo vya magonjwa, asilimia 96 ya washiriki walikuwa wenye asili ya Ulaya. Alice Popejoy na Stephanie Fullerton waliporudia hesabu mwaka 2016 wakakuta imeshuka hadi 81, lakini nafasi iliyofunguka ilikuwa imechukuliwa zaidi na watu wa Asia. Wenye asili ya Afrika walikuwa 3 katika kila 100, na sehemu kubwa yao ni Wamarekani Weusi, ambao mababu zao wengi walitoka Afrika Magharibi. Mtu wa Muheza ni vigumu kumwona humo.

Hasara yake si ya heshima tu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko lao wenyewe la kinasaba linalowawezesha kumeng'enya maziwa ukubwani, tofauti na lile la Ulaya. Kipimo kilichotengenezwa kwa kuangalia Wazungu peke yao kingemwandika mzee wa Kimaasai wa Kilindi kuwa hawezi maziwa, naye ameyanywa tangu utotoni. Upande wa pili, sindano za kushusha kolesteroli zilizoidhinishwa mwaka 2015 zilipata nguvu baada ya Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas kukuta kwamba baadhi ya Wamarekani Weusi wana jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi, na kwamba watu hao hupata maradhi ya moyo mara chache mno. Kwa Wazungu mabadiliko hayo ni adimu. Kwa hiyo ukiacha watu nje unakosa dawa, na wanaoikosa ni pamoja na hao waliobaki ndani.

Hatua ya 1: Swali kwanza, orodha ya makabila baadaye

Wengi huanza kwa kuandika makabila kwenye jedwali na kuyagawia idadi. Hiyo ni kazi ya kupamba. Anza na swali la utafiti, kisha uulize ni tofauti ipi ya watu inayogusa swali hilo.

Ukichunguza malaria, kwa mfano, urefu wa mlima unaweza kuwa na maana kuliko kabila. Chembe ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, humkinga na malaria kali mtu aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, na ndiyo maana imeenea zaidi mahali ambapo malaria imewatesa watu kwa vizazi vingi. Bonde la Muheza na vilele vya Lushoto havina historia moja ya mbu. Msambaa aliyezaliwa Korogwe na Msambaa wa Mlalo ni wa kabila moja, lakini kwa swali hili hawasimami mahali pamoja. Ukichunguza shinikizo la damu, basi mji na shamba, chumvi na kazi ya mikono vitakuhusu zaidi.

Hatua ya 2: Chora ramani ya watu waliopo, siyo ya watu wa vitabuni

Ramani ya haraka kila mtu anaijua: Wadigo na Wasegeju pwani na Mkinga, Wabondei Muheza, Wasambaa Lushoto, Bumbuli na Korogwe, Wazigua Handeni na Pangani, Wanguu Kilindi. Ni kweli, lakini haitoshi.

Ongeza wanaosahauliwa. Wambugu wa Usambara. Waparakuyo na Wamaasai wa Handeni na Kilindi. Familia za Kihindi na Kiarabu za mjini. Kule Chogo, Handeni, kuna watu waliorudi kutoka Somalia baada ya vita vya mwaka 1991, wajukuu wa Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19. Kisha mkonge. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, lakini mashamba yaliyotokana nayo yalivuta manamba kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Wajukuu wao wamezaliwa kambini, wameoana humo humo, na ukiwauliza kwao ni wapi watakuambia ni hapa.

Sensa haitakusaidia kwa sababu haiulizi kabila. Pa kuanzia pazuri ni Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na mradi wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, halafu keti na watendaji wa kata wakurekebishie.

Baada ya hapo amua sampuli zitatoka wapi. Mtego mkubwa wa kazi hii ni hospitali ya mkoa. Bombo kuna wagonjwa, kuna friji, kuna umeme, na gari la mradi linafika bila kuchafuka. Ukikusanya pale peke yake utapata watu wa mjini na wale waliokuwa na nauli, kisha utaandika kwamba umechunguza "watu wa Tanga". Weka vituo kwenye zahanati za mbali tangu kwenye bajeti, maana fedha zikishagawiwa hakuna atakayekuongezea mafuta ya gari.

Kuhusu idadi: kila kundi liwe na watu wa kutosha kuchambuliwa peke yake. Mradi wa kimataifa wa Jenomu 1000 ulimaliza kazi mwaka 2015 ukiwa na watu 2,504 kutoka makundi 26, yaani takriban mia moja kwa kila kundi. Waluhya wa Webuye, Kenya, wamo. Tanzania haina hata kundi moja. Watu kumi waliowekwa ili jedwali lipendeze hawafai kitu, na heri kutolichukua kundi kabisa kuliko kulichukua namna hiyo.

Hatua ya 3: Usiulize kabila kwa neno moja

Fomu nyingi zina mstari mmoja: "Kabila: ______". Ufute. Uliza kuhusu babu na bibi wote wanne, kila mmoja kwa maswali matatu: alizaliwa wapi, nyumbani aliongea lugha gani, na yeye mwenyewe alijihesabu mtu wa wapi. Inachukua dakika chache zaidi, lakini ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote utakazochukua bila sindano.

Pwani utapata majibu ambayo kompyuta haiyapendi: Mswahili, Mshirazi, "sisi watu wa Pangani tu". Yaandike kama yalivyosemwa. Usimlazimishe mtu achague Digo au Bondei ili kisanduku kijae. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi katika miji ya kale ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Ulionyesha kwamba mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia ulikuwa umeshaanza kufikia mwaka 1000 hivi, upande wa mama ukiwa zaidi wa Kiafrika, na upande wa baba ukiwa na Waajemi wengi. Masimulizi ya Washirazi yaliyodhihakiwa kwa miongo mingi yalipata shahidi. Ila wengi wa waliochunguzwa walikuwa wa makaburi ya wenye hadhi, kwa hiyo usiwapake watu wote wa pwani rangi hiyo.

Jambo jingine: uhusiano wa kifamilia uulizwe kwa uwazi. Baba mdogo ni baba, na mtoto wa mama mkubwa ni ndugu kabisa, hakuna anayesema uongo hapo. Uliza "baba mzazi" na "mliozaliwa tumbo moja", la sivyo mti wa ukoo utakaouchora hautafanana na vinasaba utakavyosoma.

Hatua ya 4: Vibali

Itifaki ya utafiti inapelekwa kwenye kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Sampuli zikitoka nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli, unaosema zinakwenda wapi, zitafanyiwa nini, na mabaki yatarudi au yataharibiwa. Soma Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023. Kibali cha NIMR huja na masharti ambayo watu huyasahau: taarifa ya maendeleo kila miezi sita, na ruhusa kabla ya kuchapisha.

Halafu ngazi za mkoa: Katibu Tawala, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti. Usiruke hata ngazi moja. Mtendaji aliyerukwa hatakukatalia, atakuambia tu urudi Jumatatu.

Hatua ya 5: Kuingia kijijini

Hapa ndipo tafiti nyingi hushinda au hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pwani hii habari ya mumiani ni ya miaka mingi: watu wenye gari wanaonyonya damu za watu wakatengenezee dawa. Usiicheke. Ukiitazama kutoka upande wa aliyetolewa damu mara tatu na miradi mitatu, na hakuna aliyerudi kumwambia damu ile ilifanya nini, utaona si upuuzi kama unavyodhani. Mkoa wa Tanga na wilaya ya Bagamoyo zimezoeshwa utafiti. Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Kuna vijiji vinavyojua maswali yako kabla hujayauliza, na kuna vijiji jirani ambavyo havijawahi kuulizwa chochote. Hivyo vya pili ndivyo unavyovitafuta.

Fanya baraza kwanza, bila sindano na bila fomu. Awepo mwenyekiti, mashehe na wachungaji, wakunga, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Onyesha chupa yenyewe ya damu, na useme kwamba mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Swali hili litakuja, na ni bora uwe na jibu:

"Mwanangu, hiyo damu mnaipeleka wapi?"

"Shikamoo bibi. Inakwenda maabara, hapa hapa mkoani, inatolewa vinasaba. Sehemu itabaki nchini kwenye friji, na sehemu itapelekwa nje kusomwa kwa mashine ambayo sisi hatuna. Jina lako haliendi, inakwenda namba. Hatuiuzi na hatumwekei mtu mwingine."

"Na mkimaliza?"

"Tutarudi hapa hapa tuwaambie tulichokiona."

Kama jibu la mwisho halimo kwenye bajeti, usilitoe.

Swali la pili litakuwa la baba wa mtoto. Watu wengi neno DNA wamelisikia kwenye habari za Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za matunzo. Sema mapema, mbele ya wanaume na wanawake, kwamba utafiti hautoi majibu ya nani mtoto wa nani, kwa mtu yeyote, hata mwenyewe akiomba. Liandikwe pia kwenye fomu ya ridhaa. Katika tafiti za familia utayaona mambo hayo kwenye data, na lazima uwe umeshaamua kunyamaza kabla hujayaona.

Kalenda nayo huchagua watu kwa niaba yako. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, basi Kigombe nenda siku hizo. Wafugaji utawakuta wengi siku ya mnada, lakini mnada ni mahali pa kutangaza, si pa kumtoa mtu damu akiwa na ng'ombe wa kuuza. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za Usambara zitakuamulia nani aingie kwenye utafiti. Mwezi wa Ramadhani usichukue sampuli mchana. Hata kama shehe atasema damu haifunguzi, utawapata wachache, na kipimo cha mate nacho kitakuwa kigumu. Fidia iwe ya nauli na muda, sawa kwa wote, na itajwe mapema. Ikianza kuitwa posho, wapo watakaojiandikisha mara mbili.

Hatua ya 6: Ridhaa

Fomu iwe ya Kiswahili cha kawaida, isomwe kwa sauti. Bibi wa Kisambaa milimani au mama wa Kimaasai anayetumia Kiswahili sokoni tu anahitaji mkalimani aliyefunzwa, na si mjukuu aliyekuwa anapita. Asiyejua kusoma aweke kidole gumba mbele ya shahidi asiyefanya kazi kwenye mradi. Mama anatoa ridhaa yake mwenyewe. Akitaka kwenda kuzungumza na mumewe, mwache aende, na wewe urudi siku nyingine.

Kuelezea vinasaba si kugumu kama watu wanavyoogopa. Uliza nani hapa ana mtoto aliyechukua pua ya babu yake, mikono itainuka. Kinachorithiwa ndani ya mwili, pamoja na maradhi mengine, kinapitia njia hiyo hiyo.

Kigumu ni matumizi ya baadaye. Kabila la Havasupai la Arizona lilitoa damu kuanzia mwaka 1990 likijua ni kwa ajili ya kisukari. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kikaja kutumia sampuli hizo pia kwa utafiti wa maradhi ya akili na wa asili ya watu, mambo ambayo wenyewe wanasema hawakuyakubali. Mwaka 2010 chuo kililipa dola 700,000 na kurudisha damu. Kwa hiyo tenganisha maswali, kila moja na kisanduku chake: unakubali kwa ugonjwa huu? Kwa magonjwa mengine baadaye? Kwa utafiti wa asili ya watu? Sampuli kwenda nje? Kampuni kutumia data? Atakayekataa matatu na kukubali mawili ni mshiriki halali. Mweleze pia kujitoa kunawezekana hadi lini, kwa sababu data ikishachanganywa na kuchapishwa haifutiki, na kumwambia vinginevyo ni kumdanganya.

Hatua ya 7: Sampuli na maabara

Damu iende kwenye chupa ya EDTA, dawa inayozuia damu isigande, yenye kofia ya zambarau, ikae kwenye ubaridi na itolewe vinasaba ndani ya siku chache. Kwa vituo vya mbali visivyo na umeme wa uhakika, vifaa vya mate vinavyohimili joto la kawaida ni ghali lakini vinaokoa sampuli; mhusika asile wala kunywa kwa nusu saa kabla. Weka namba mbili tofauti, moja ya mtu na moja ya chupa, na daftari linaloziunganisha lifungiwe mbali na friji.

Kosa la kimyakimya kuliko yote ni mpangilio wa sahani za maabara, zile zenye vishimo vya kuwekea sampuli nyingi kwa pamoja. Ukizipeleka sampuli za Mkinga wiki hii na za Lushoto mwezi ujao, tofauti za mashine zitajifanya tofauti za watu. Changanya vituo vyote katika kila sahani.

Kuhusu kusoma vinasaba, chipu ni rahisi lakini husoma tu sehemu zilizokwisha kujulikana, na nyingi zilijulikana kwa kuangalia watu wa Ulaya. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa wa kuchunguza vinasaba vya Waafrika, ulioanzishwa mwaka 2010, ulichapisha jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na kukuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Hao ni watu 426 tu. Ushauri wangu ni mchanganyiko kama waliofanya Uganda kwenye kazi iliyotoka mwaka 2019: chipu kwa wengi kati ya watu wapatao 6,400, na jenomu nzima kwa karibu 2,000. Wale waliosomwa jenomu nzima ndio wanaosaidia kukisia mapengo ya wengine.

Hatua ya 8: Uchambuzi

Usiwatupe wasiofanana. Programu nyingi zimewekwa ziondoe watu "waliotoka nje ya kundi", na kwa Tanga hao ni wajukuu wa manamba na nusu ya mji. Tumia mbinu zinazohesabu undugu na asili mchanganyiko, toa matokeo ya kila kundi peke yake na ya wote pamoja, kisha ulinganishe. Alama za hatari, yaani hesabu za vinasaba zinazokadiria uwezekano wa mtu kuugua, zilizotengenezwa Ulaya usizipake tu juu ya data yako. Alicia Martin na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba usahihi wake kwa watu wa asili ya Afrika ulikuwa pungufu takriban mara 4.5.

Na unapoandika, usichapishe sentensi inayosomeka "kabila fulani lina ugonjwa fulani". Itakatwa, itazunguka kwenye simu, na itamfikia binti anayetafuta kuolewa. Waulize wenyewe kabla ya kuchapisha wangependa waitweje.

Hatua ya 9: Kurudi

Amua mapema ni majibu gani mtu atapewa binafsi. Selimundu ni mfano mzuri, kwa sababu makadirio yanayotumiwa sana yanasema Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na wazazi wawili wenye chembe hiyo wana uwezekano wa robo katika kila mimba. Jibu la maabara ya utafiti lithibitishwe kwanza kwenye maabara ya hospitali, na mshauri awe ameshapangwa. Kumwambia mtu ana chembe ya selimundu kisha ukapanda gari ni bora usingemwambia.

Uwe mkweli pia kuhusu faida. Mwaka 2014 watafiti wa Muhimbili na wenzao walichapisha uchunguzi wa jenomu za wagonjwa wa selimundu wa Tanzania, na BCL11A ikajitokeza miongoni mwa jeni zinazogusa kiwango cha damu ya kitoto inayowapunguzia makali. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri sehemu ya jeni hiyo hiyo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Mzazi wa Handeni ameiona kwenye simu na atakuuliza. Usimwahidi hiyo. Unachoweza kuingiza kwenye mkataba ni kliniki ya selimundu wilayani, mafunzo ya kijana mmoja au wawili wa mkoani katika uchambuzi wa data, majina yao kwenye makala, na friji inayobaki ikiwa na jenereta na mafuta yake.

Nakala ya matokeo kwa Kiswahili, kurasa mbili au tatu, ibaki kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na ofisi ya kijiji. Namba ya simu iliyoandikwa chini yake iwe ya ofisi ya taasisi, si ya mratibu ambaye mkataba wake unaisha mwezi Juni.